Mzee Ataka Kusikia Nini?



Katika habari za wacha Mungu wa zamani limo jina la Hatim wa Balkh, aliyefariki mwaka 237 Hijria, ambaye watu walimpa lakabu ya Al-Asamm, yaani Kiziwi. Naye, kama inavyosimuliwa, hakuwa kiziwi. Mwanamke mmoja alimwendea kumwuliza mas'ala, na katika kusema kwake ilimtoka sauti ambayo mtu huionea haya. Hatim akamwambia anyanyue sauti, kwani yeye hasikii vizuri. Yule mama akafurahi kwa kuona kuwa siri yake imesitirika. Na Hatim akaendelea kujifanya kiziwi asije akamfedhehesha, hata ile lakabu ikamganda.

Tumeikumbuka hadithi hii kwa sababu katika majumba yetu tunacho kinyume chake. Hatim alisikia akajifanya hasikii, kwa kumsitiri mwenziwe. Wazee wetu wengi hawasikii, nao hujifanya wasikia, kwa kujisitiri wenyewe. Watu wakicheka nao hucheka. Wakiulizwa saa ngapi husema "Alhamdulillah." Na sisi tulio karibu nao, kwa uvivu au kwa haraka zetu, huridhika na jibu hilo tukaenda zetu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 juu ya kusikia, lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 430 ulimwenguni wana upungufu wa kusikia unaohitaji kusaidiwa, na kwamba katika waliopita umri wa miaka 60, zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne wamo katika hali hiyo. Ripoti hiyo yasema pia kwamba katika wale ambao chombo cha kusikilizia, ambacho wengine hukiita shimesikio, kingewafaa, wanaokitumia ni kiasi cha 17 kwa mia tu. Wengi katika waliosalia hawakukipata, kwa uchache wa mali na uhaba wa wapimaji. Lakini wako waliokipata, wakakilipia, kisha kikaishia katika mtoto wa meza pamoja na miwani iliyovunjika. Leo twapenda kuzungumza habari za hawa, kwani nyumbani kwetu yalitupata.

Mjomba wetu ni maalim wa chuo cha Qur'ani. Amesomesha kwa zaidi ya miaka 40, na mjini kwetu wako watu waliosoma kwake wao, kisha watoto wao, na sasa wajukuu. Miaka michache nyuma tulianza kuona mambo. Redio yake ilisikika hadi nyumba ya tatu. Aliitwa mara mbili na tatu ndipo ageuke. Kisha akaanza kupunguza wanafunzi. Alisema magoti yamemchoka, hawezi tena kukaa mkekani muda mrefu. Sote tuliyaamini magoti. Nyumba nzima ikanuka dawa ya kuchua.

Mwanawe aliyeko Maskati akaleta fedha, nasi tukampeleka mahali wanapouza vyombo vya kusikilizia. Alitiwa katika chumba kidogo kilichozuiwa kelele, akavishwa visikilizio vya kichwani, akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Tukaonyeshwa karatasi yenye mistari inayoshuka kama ngazi, na kabla ya adhuhuri tulikwisha rudi na chombo kimoja kidogo mno, cha kuingia ndani ya tundu la sikio, hata asiyejua hakioni. Tulikichagua sisi, na tukaona fahari kwa udogo wake. Hakuna aliyemwuliza Maalim neno lo lote, ila "Wasikia sasa, Maalim?" Naye akajibu "Nasikia," kama alivyokuwa akijibu siku zote.

Chombo kile kilikaa sikioni siku tisa.

Hatuwalaumu kwa kumpima kwa mlio, kwani kipimo kile ni cha lazima. Karatasi ile, ambayo wapimaji huiita adiogramu, huonyesha ni sauti ndogo kiasi gani mtu aweza kuisikia, tangu sauti nene za hezi 250 hata nyembamba za hezi 8000. Lakini karatasi haisemi mtu huyu huketi na nani, hufanya kazi gani, na kipi kimemtoka ambacho kilikuwa ndio maisha yake. Watu wawili waweza kuwa na mistari iliyo sawasawa kama nakala: mmoja ni mvuvi akaaye peke yake, ambaye haja yake ni kusikia simu ya mwanawe jioni tu, wa pili ni mwuza duka ambaye kutwa anaitwa na wateja huku magari yanapita. Ukiwapa chombo kimoja na maneno mamoja, mmoja wao umemdhulumu.

Na hata mistari yenyewe yataka kufafanuliwa kwa watu wa nyumbani, kwani hapo ndipo ugomvi mwingi huanza. Katika uziwi wa uzee, aghlabu sauti nene hubaki na nyembamba huondoka kwanza. Herufi za irabu, a, e, i, o, u, ni nene na zina nguvu, kwa hiyo mzee huzisikia. Herufi kama s, f, th na sh ni nyembamba na dhaifu, nazo humpotea. Ukimwambia "Nimefika," yeye hupata umbo la neno na irabu zake, lakini hajui kama umefika, umepika, au umeshika. Ndiyo maana husema, "Sauti naisikia, maneno siyasikii." Watu hudhani afanya makusudi, kwamba husikia apendayo. La, hasha. Husikia nusu ya kila neno, na nusu ya pili huikisia. Na kukisia kutwa nzima kwachosha kuliko kulima.

Jambo jingine ni hili. Vinyweleo vya kusikia vilivyomo ndani kabisa ya sikio, katika kile kifuu kilichojipinda kama koa, vikishaharibika, sauti ndogo haisikiki kamwe, ila sauti kubwa huumiza upesi kuliko inavyomwumiza mwenye sikio zima. Kwa hiyo mzee asema "Sema kwa nguvu," ukisema kwa nguvu asema "Wanipigia kelele za nini?" Hapo mjukuu huondoka amenuna. Nasi twasema kwamba wote wawili ni wakweli.

Basi tukirudi kwa Maalim, mwaka uliofuata tulimpeleka mahali pengine. Safari hii alianza kuonwa na daktari wa masikio, kama ilivyopasa tangu awali. Daktari alitazama ndani, akatoa nta iliyokuwa imeziba tundu la kulia zaidi ya nusu, akauliza kama sikio limepata kutoa usaha, kama kichwa humzunguka, na kama uziwi ulikuja kidogo kidogo au kwa ghafula. Wasomaji na walishike hili: aliyeamka asubuhi akakuta sikio moja limenyamaza ghafula asingoje wiki, wala asimwagiwe mafuta ya moto, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa ya jambo hilo ina siku chache tu za kufaa. Na aliye na uziwi wa upande mmoja, au kizunguzungu, au usaha, haja yake ya kwanza ni daktari, si chombo.

Baada ya daktari alipokewa na binti mmoja mpimaji. Akampa shikamoo, akamkalisha uso kwa uso penye mwanga, akazima feni. Hakufungua sanduku lo lote wala hakuonyesha chombo. Aliweka karatasi tupu mezani akasema, "Maalim, ni wakati gani katika siku yako unapotamani ungesikia vizuri zaidi?"

Shangazi, yaani mkewe, akajibu upesi: simu, redio, na akiitwa chakula. Binti akamwambia kwa adabu, "Bi mkubwa, yako pia nitayaandika, lakini naomba nimsikie Maalim kwanza." Kukawa kimya. Maalim akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Thaa na siin."

Sisi hatukufahamu mara moja. Akaeleza polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeungama. Tangu miaka miwili hakuweza tena kupambanua thaa na siin katika vinywa vya watoto, wala faa haikuwa hakika kwake. Na wasomaji wetu wajua ni tofauti gani hiyo: ukisoma kwa thaa umesema *ithm*, dhambi, ukisoma kwa siin umesema *ism*, jina. Alikuwa akiitazama midomo yao, na penye shaka akinyamaza. Mtoto mmoja alikwisha hitimu kwake, akafanyiwa sherehe, na baadaye akasikiwa na maalim mwingine akisoma makosa. Tangu siku hiyo ndipo magoti yalipoanza kuuma.

Shangazi alilia. Na sisi tuliona haya, kwani tulikuwa tumenunua chombo cha kumfanya aisikie simu yetu.

Njia ile aliyoitumia yule binti si ya kubuni kwake. Mwaka 1997 Harvey Dillon na wenziwe, wa maabara ya taifa ya elimu ya kusikia huko Australia, walichapisha utaratibu mfupi unaojulikana kwa jina la COSI. Mgonjwa hutaja mwenyewe hali zisizozidi tano anazotaka zipate nafuu, tena si kwa maneno ya jumla. "Nataka kusikia vizuri" haiandikwi. Huandikwa: nani asemaye, mahali gani, umbali gani, kuna kelele gani. Kisha hali hizo hupangwa kwa umuhimu wake. Baada ya majuma kadha ya kutumia chombo, mgonjwa huulizwa juu ya kila moja: je, imezidi ubaya, haina tofauti, imepata nafuu kidogo, nafuu, au nafuu kubwa? Kwa hivyo mwenye kuhukumu kama chombo kimefaa ni yule mwenye sikio, si muuzaji wala aliyelipa.

Ziko njia nyingine. Huko Marekani, Ira Ventry na Barbara Weinstein walitoa mwaka 1982 maswali 25 kwa ajili ya wazee, yasiyouliza mzee husikia kiasi gani, bali uziwi wamfanya aje: je, huona haya akikutana na watu wageni, huacha kuwatembelea jamaa, hugombana na watu wa nyumbani? Majibu ni matatu tu, ndiyo, mara nyingine, na hapana, na kila jibu lina hesabu yake. Twaona maswali ya namna hii yana faida kubwa, kwani wako watu ambao kwa karatasi ya mlio upungufu wao ni mdogo, kumbe nyoyo zao zimekwisha vunjika; na wako wenye upungufu mkubwa ambao hawana dhiki, hao usiwalazimishe.

Alipokwisha mpa nafasi Maalim kusema, yule binti aliuliza mambo ambayo sisi tungeyaona ya upuzi. Alimpa betri ndogo kama punje ya dengu, akamwambia aigeuze na kuitia mahali pake. Vidole vya Maalim vina baridi yabisi. Betri ikaanguka mara tatu. Alimwuliza juu ya macho yake. Alimwuliza ni mara ngapi kwa siku masikio yake hupata maji. Swali hili hakuna aliyelifikiri mara ya kwanza, nasi ni Waislamu nyumba nzima! Mtu atawadhaye mara tano, naye hupangusa masikio, hukitoa chombo na kukirudisha mara tano, tena mara nyingine gizani, penye maji na msongamano wa watu. Chombo kile kidogo tulichokionea fahari kilikuwa kinamhangaisha kila sala; siku ya tisa kilitumbukia birikani, na Maalim hakumwambia mtu. Alituambia siku ile.

Basi akachaguliwa vyombo viwili vya kukaa nyuma ya sikio, vikubwa kidogo, vyenye betri ambayo vidole vyake vyaiweza. Akapewa na kikopo chenye vijiwe vya kunyonya unyevu, kwani joto na jasho la pwani ni adui wa vyombo hivi. Kila usiku hulazwa humo. Akashauriwa kuwa na mfuko mmoja wa kanzu ulio wa vyombo tu, huo huo siku zote. Aina ya kutiwa umeme badala ya betri iko, nayo ni nzuri kwa vidole vigumu, ila mtaani kwetu umeme hukatika, ndiyo maana hakuichagua.

Kisha binti akasema jambo ambalo wauzaji wengi huliogopa. Alimwambia Maalim kwamba chombo hakirudishi sikio la ujana. Hukuza sauti, na vya siku hizi hujitahidi kutenga maneno na kelele, lakini penye watu wengi wasemao pamoja, au chumba kikubwa chenye mwangwi, msaada wake hupungua. Mtu akiwa mbali, au amegeuza uso, chombo hakitafanya ajabu. Na siku za kwanza sahani zitagongana kama kengele, na sauti yake mwenyewe ataiona ngeni, mpaka azoee. Twaamini kuwa maneno haya ndiyo yaliyokiokoa chombo cha pili. Aliyeahidiwa maajabu hukata tamaa siku ya pili. Aliyeambiwa kweli husubiri.

Mwenye mzazi wa kumpeleka na amkalishe mapema, siku mbili tatu kabla ya safari, amwulize kwa faragha, si mbele ya watoto. Ayaandike kama alivyoyasema, hata yakiwa madogo: sauti ya mtu bila kupandisha darubini za miwani, mlango ukibishwa, mjukuu asemaye upesi, khutba ya Ijumaa. Wa nyumbani nao waandike yao katika karatasi ya pili. Karatasi hizo mbili hazitafanana, wala si kazi yetu kuzifananisha. Mpimaji na azione zote. Na aulizwe mpimaji: je, yako majuma ya kujaribu kabla ya kukata bei? Nani atakirekebisha kikizidisha kelele? Betri zapatikana wapi, na zitatoka mfukoni mwa nani baada ya mwaka?

Tena liko neno moja ambalo tungependa litoke katika majumba yetu, nalo ni "Basi, si kitu." Mzee auliza mlikuwa mkicheka nini, nasi kwa kuchoka kurudia twamwambia, "Basi, si kitu." Suratul Israa, aya ya 23, yatukataza kuwatamkia wazazi hata lile neno dogo kabisa la kuchoshwa nao. Sisi si wafasiri, lakini twashuku kwamba "si kitu" hii iko karibu sana na lile neno.

Wasomaji watapenda kujua ilikuwaje karatasi ya Maalim. Alitaja mambo matano, na baada ya majuma sita akaulizwa tena. La kwanza, thaa na siin: nafuu kubwa, ila kwa mtoto mmoja mmoja, aketiye mbele yake karibu, uso kwenye mwanga, feni imezimwa. Chuo kizima kikisoma pamoja bado ni mvumo kwake. Kwa hiyo amegeuza mpango wa chuo: huwasikiliza mmoja mmoja asubuhi, na mwanafunzi mkubwa huketi kando yake kumsaidia penye shaka, na shaka huitaja waziwazi. La pili, khutba: nafuu kidogo, baada ya kuhama kutoka chini ya kipaza sauti, kilichokuwa kikimtwanga kichwa, kwenda safu ya kwanza anapomwona khatibu uso. La tatu, simu ya mwanawe wa Maskati: nafuu. La nne, baraza baada ya isha: hakuna tofauti; husema huenda kwa ajili ya kahawa. La tano alitaka amsikie mkewe amwamshapo alfajiri, na binti alimwambia mapema kwamba hilo si la chombo, maana usiku vyombo vimo kikopeni. Shangazi humwasha taa.

Na yule mtoto aliyehitimu kwa makosa amerudi chuoni. Maalim alikwenda mwenyewe kwao kuzungumza na babake, nao sasa wanasoma upya, kurasa chache kila Jumamosi.

Karatasi ya Shangazi ilikuwa na jambo moja tu: kwamba Maalim aache kusema "ndiyo" akiwa hakusikia. Hilo, Shangazi asema, bado.